Samaki Aliyeitwa Teodora

Mkolani, Mwanza
9 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko Busisi? Masikio yanaendeleaje, na lile goti la kushoto? Sisi hatujambo. Mvua zimeanza vizuri na wajukuu zako wanakula kama wanalipwa. Naandika kwa sababu simu kwako ni kelele tu, na nikimtumia kaka Maige ujumbe anakusomea nusu, nusu anaweka yake.

Nina habari, na nimeizunguka sana kabla ya kushika kalamu. Ofisi yetu ya uvuvi imepewa kazi ya kufufua lile jumba la samaki bustanini, kando ya ziwa, alikofanya kazi marehemu baba. Usimamizi wamenipa mimi.

Tangu baba astaafu hakuna aliyeligusa. Popo wamejaa darini. Tangi la kambare limekuwa stoo ya mafagio, na kwenye jingine tulikuta kuku ametaga. Vioo vimepasuka, na visivyopasuka vimeshika utando wa kijani mzito. Ulitukataza kuingia mle tangu tukiwa wadogo, kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilipovuka mlango nikasikia harufu ya koti la baba, ile ya maji na kutu. Nililia, sikufichi.

Sasa sikiliza. Kila siku watu wazima wanasimama mlangoni, wanaume wenye vitambi na ndevu, wanauliza: "Teodora atarudi?" Mwanzoni nilidhani wanakuulizia wewe. Kumbe ni samaki! Nikiwauliza ni samaki gani, kila mmoja anataja wake, maana walikuwa watoto. Tuliposugua tangi la mwisho tukaona kibao cha bati chenye mwandiko wa baba: TEODORA. Basi, hakuna neno jingine. Wavuvi hawamjui samaki wa jina hilo, wala sisi tuliosomea hatumjui. Niambie ni samaki gani, mama, na uniruhusu nikirudishe kibao mahali pake.

Mchele nimempa kondakta wa basi la Geita. Tafadhali usiniambie umeshakula.

Mwanao,
Evelina


Busisi
23 Machi 2025

Kwako mwanangu Evelina,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni la kulia. Mchele nimeupata, ila ungewaachia watoto, mimi nimeshakula.

Hilo jina ulilolikuta kwenye bati nalijua sana. Mwaka mmoja baada ya ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, wewe hujazaliwa, nilikuwa sokoni nauza nyanya. Wakapita watoto wa shule na mwalimu wao. Mmoja akasikia naitwa, akaangua kicheko: "Jamani, huyu mama ana jina la samaki!" Specioza, jirani yetu Mhaya, akaniambia bila kupepesa macho: "Kwani hujui? Mumeo amempa samaki jina lako. Anawaambia watoto ni kwa sababu ya mdomo wake." Soko zima likasikia.

Mdomo! Sawa, mdomo ninao. Nani asingekuwa na mdomo akiishi na mwanamume asiyesema? Baba yako aliitwa Mihayo, na mihayo kwa Kisukuma chetu ni maneno, lakini yale maneno yaliishia kwenye jina. Jioni akataka kunieleza. Nikamwambia nyamaza, umeshawaeleza watoto wa mji mzima. Akanyamaza. Kunyamaza alikuwa hodari. Tangu hapo sikukanyaga pale, wala nyinyi sikuwaruhusu. Ni samaki gani sijui. Nadhani ni kambare, maana ndiye mwenye mdomo unaofika masikioni.

Jina ni langu, si la ofisi yenu. Ukilirudisha pale watu wanicheke mpaka uzeeni, usikanyage kwangu. Nimemaliza. Wasalimie wajukuu, na yule mdogo aache kula udongo.

Mama yako


Mkolani
8 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti la kulia linaendeleaje? Sisi wazima. Kibao nimekifungia kabatini na sitakitoa bila neno lako. Naomba tusigombane kwa sababu ya bati.

Kazi inakwenda. Fundi vioo tumempata, anaitwa Chenge, mtu wa utani mwingi. Maji ya bomba tunayaweka kwenye mapipa mpaka dawa iishe nguvu ndipo tunayamimina. Kamongo yupo, sato wapo, na gogogo wanakwaruza chini ya mawe kama wamepoteza ufunguo. Ukisimama hapo unatamani baba angeona.

Ila nimefanya jambo la aibu. Mvuvi mmoja alituletea sangara mchanga, mrefu kama kiganja, anang'aa kama kijiko kipya. Tangi lake lilikuwa bado linavuja, nikamweka kwanza kwa furu, wale samaki wadogo wa mawe tuliowahangaikia tangu Aprili. Tulipofungua asubuhi hakuna furu hata mmoja. Yeye katulia katikati, tumbo hilo, anatutazama kama mgeni aliyeshiba anayesubiri kuoneshwa kitanda. Mimi, mtoto wa ziwa hili, ambaye nimekua nikisikia jinsi sangara alivyowamaliza furu!

Kufungua ni Septemba. Tangi la mwisho, lile la furu, ni tupu, na ndilo watu wanaloliulizia. Nasikia kwenye mawe ya upande wenu bado wapo. Siombi jina, mama. Naomba tu kama kuna mtu anayejua walipo.

Mwanao,
Evelina


Busisi
29 Juni 2025

Mwanangu Evelina,

Marahaba. Barua yako nimeicheka mpaka Maige akaja kuangalia kama nimeugua. Ziwa zima mmemwachia sangara, na kioo mkampa!

Ndoo anayokuletea Maige ni ya furu wa mawe, wale wa chini ya kwa babu yako. Amewavua mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa juu namwelekeza. Anasema atavuka daraja jipya kufumba na kufumbua. Haya. Sisi kivuko tulikingoja hadi tunamaliza mahindi ya kuchoma tuliyowabebea watu wa kule tuendako, na tulijua habari za watu wote. Sasa mtu anavuka hajui hata jirani yake amefiwa.

Baba yako alikuja kwenye mawe hayo hayo, kijana mwembamba, ana wavu na debe. Mimi nilikuwa nafua. Nikamuuliza, hao furu unakwenda kuwakaanga? Akasema, hapana, kuwatazama. Nilicheka mpaka sabuni ikaniponyoka ikaenda na maji. Kesho yake akarudi na mche mzima wa sabuni. Hakusema neno, akauweka juu ya jiwe, akaondoka. Hiyo ndiyo posa niliyopata mimi. Siku hizi nikinusa sabuni ya mche nakaa chini kwanza.

Usidhani nimelegea. Samaki chukua, jina sitaki.

Mama yako


Mkolani
10 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Uisome mwenyewe, usimpe Maige, na ukae chini kwanza.

Samaki wako wote wamefika hai. Madume ni wa buluu, wanazunguka mawe wakijionesha. Majike ni wa rangi ya jivu. Wiki iliyopita jike mmoja akajitenga pembeni, taya limejaa, chakula hagusi. Hilo halikunitisha. Furu jike hubeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa huwaficha humo humo, na siku hizo zote hali. Nilisoma hayo chuoni, nikafaulu mtihani, nikasahau.

Chenge alikuwa anaziba kona ya kioo. Akamwona. Akaacha kazi, akapiga kelele: "Huyo hapo! Teodora huyo!" Aliletwa hapo na shule yake akiwa darasa la tatu, akawa anarudi mara kwa mara, na maneno ya baba anayajua kama sala. Nakuandikia kama alivyoyasema:

"Watoto, furu huyu wavuvi hawajampa jina, nimempa la mke wangu. Ni kwa sababu ya mdomo wake. Mdomo huu ni nyumba. Hatari ikija watoto wanakimbilia humo, na wakiwa humo mama hali. Mwaka wa unga wa njano mke wangu alikuwa anatupakulia sote, halafu anasema, nyinyi kuleni, mimi nimeshakula jikoni. Jikoni hakukuwa na kitu. Mimi nilijua, nikala, nikanyamaza."

Chenge anasema kila akifika hapo mzee aligeuka kufuta kioo, hata kama ni kisafi. Watoto wakawa wanamsubiri ageuke, wanakonyezana.

Mama, Specioza hakudanganya. Alikusomea nusu, kama Maige. Na mimi nimekuwa mtu mzima nikidhani kila uliposema umeshakula ni kweli.

Sikuombi kitu. Kibao kiko kabatini.

Mwanao,
Evelina


Mkolani
31 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Maige anasema u mzima ila umekuwa kimya, na hajawahi kukuona kimya. Kama nimekuumiza, nisamehe. Tunafungua Jumamosi. Mahali pa kibao kwenye tangi la mwisho patakuwa patupu, kama ulivyotaka. Nilitamani ungekuja.

Mwanao,
Evelina


Busisi
14 Septemba 2025

Mwanangu Evelina,

Marahaba. Wewe mzima? Wajukuu je? Mimi nipo.

Nilikuja. Si Jumamosi yenu ya hotuba, nilikuja Jumatano iliyofuata na Maige. Mlinzi akasema umekwenda Buhongwa kufuata pampu. Nikaona afadhali, ungelia ukanilizia na wengine. Nililipa kiingilio kama mtu yeyote.

Nilikwenda moja kwa moja tangi la mwisho. Nikavuta kiti. Yule wa jivu, au mwenzake, sijui, alikuwa karibu na jiwe. Akafungua mdomo, wakatoka watoto, wadogo kama punje za mchele, wakatawanyika. Mtoto mmoja wa shule akagonga kioo. Mara wote wakarudi mdomoni, hakubaki hata mmoja nje. Nikasema, "Mihayo, kumbe uliniona." Nadhani nilisema kwa sauti kubwa, maana watu wote waligeuka, na kiziwi hapimi sauti yake.

Mimi nilidhani hajaona. Miaka yote nilidhani mtu huyu ameishi na mimi hajaona kitu. Na jioni ile alitaka kusema. Alikuwa amefungua mdomo kabisa, mwanangu, mimi ndiye niliyeufunga. Hilo linaniuma, na litaniuma.

Sasa toa bati kabatini. Liweke lilipokuwa, usilipake rangi upya, mwandiko ule ule. Tena kuna dume wa buluu aliyekuwa anazunguka mawe muda wote niliokaa pale, amependeza, hasemi kitu. Mpatie kibao naye, andika MIHAYO. Watakaokuja wenye Kisukuma watacheka, waache wacheke. Vibao vikae karibu, ila visigusane. Hasira imebaki kidogo.

Tulipotoka Maige alininunulia sato wa kukaanga na ugali pale kando ya ziwa. Akaniuliza kama kawaida, mama, utakula au umeshakula? Nikamwambia lete. Nilimmaliza sato mzima mpaka kichwa, nikaagiza mwingine. Nilikuwa na njaa, mwanangu.

Mama yako,
Teodora