Inchi Sita za Verlin

Casper, Wyoming
9 Septemba

Kwako Dada Arlene,

Pokea salamu zangu, na za Verlin pia, ingawa yuko chini ya trela na miguu tu ndiyo naiona. Goti lako vipi? Umeshapata mtu wa kukusaidia kazi ya ng'ombe tangu Shemeji Roscoe atutoke? Sisi tuna afya, ila mimi nimechoka, dada yangu, nimechoka kabisa.

Najua niliahidi tungekuja na trela letu la kulala na kupikia mwezi wa sita, tukae nawe mpaka baridi iishe, usiumalize mwaka huu wa kwanza wa ujane peke yako. Sasa sikia kilichotuzuia. Mwezi wa tano huyu mume wangu, mtu mzima wa miaka sitini na sita, alipeleka pikapu gereji, ikainuliwa inchi sita na kuvikwa matairi ya kutisha. Hakuniuliza. Nilipomuuliza ya nini, akasema basi tu. Basi tu!

Tulipofunga trela, pua juu, mkia chini. Jirani yetu Delbert akapita akauliza kama tunasafiri au tunaruka kwenda mwezini. Uzito wote ukalala kwenye ekseli ya nyuma, na hata maili arobaini hatujamaliza, tairi likapasuka. Tukarudi.

Verlin akashusha kiungio kinachoshika trela kwenye pikapu. Trela likanyooka, lakini pua yake hulala juu ya bodi ya pikapu, na kila tukipita shimo inagonga kingo za bodi hiyo. Nikamwambia airudishe pikapu ilivyokuwa, yaishe. Akasema heri auze trela! Ndipo akaamua kuliinua trela lenyewe: ekseli zilizokuwa juu ya springi akazifunga chini. Julai yote, Agosti yote, hata mezani anakuja na pimamaji. Sasa limenyooka kweli, ila mlango uko kifuani kwangu, na jikoni kwangu napanda kwa ngazi ya mafundi rangi.

Jana uzalendo ukanishinda. Nikamwita mzee asiyetaka kuzeeka, nikamwambia dada yangu anaozea upwekeni kwa sababu ya mapambo yake. Hakunijibu kwa ukali. Alifuta mikono, akasema taratibu kwamba aliyapima maji ya kijito chenu kwa macho siku ile ya Aprili, na kwamba kwa inchi sita zaidi tungevuka.

Dada, nilikuambia pikapu ilituharibikia njiani, ndiyo maana hatukuja kumzika Roscoe. Nilikudanganya. Tulifika mpaka kijitoni, tukakuta maji yamejaa yamefunika barabara. Tuliyaona magari uani kwako, ng'ambo kule. Verlin alitaka kujaribu. Mimi niliogopa maji, nikapiga kelele mpaka akageuza. Ulimzika mumeo bila mdogo wako, nami nilikuwa pale pale, nikaondoka. Verlin ameuficha uongo wangu miezi mitano, na mimi nikamtukana kwa sababu ya pikapu.

Tunaondoka Jumamosi. Utakuwa umeshaisoma barua hii, na ukitaka kunifukuza una haki. Ila nifukuze uso kwa uso, Arlene, mlangoni kwako. Safari hii nitavuka, hata kama ni kuja kutukanwa.

Wasalimie majirani, na goti ulifunge vizuri.

Mdogo wako aliyekukosea,
Twila