Sailensa ya Gari la Lucien

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Sailensa imekatika leo! Si kutoboka — kukatika kabisa. Nilikuwa nimeshamrudisha mume wangu Lucien nyumba ya wazee, nashuka kilima cha kanisa, na misa ya jioni ndiyo kwanza inatoka. Nikasikia kitu kimeanguka na kuburuzika kwenye lami, halafu gari likaanza kunguruma kama mashine ya kuvunia viazi. Watu wote wakageuka. Padri pia. Nikawapungia mkono. Ningefanya nini?

Nimeifunga kwa waya wa kutundikia nguo, nikafika nyumbani.

Mchana ulikuwa mzuri, lazima niandike. Nilipofika nyumba ya wazee Lucien alishasimama barazani, koti mwilini, vifungo vimepishana. Darlene, muuguzi wa Jumapili, anasema ni vilevile kila wiki. Gari letu, Blazer, likiwa bado darajani, yeye anasikia mngurumo wake, anainuka kitini, anasema "gari langu hilo," anatafuta koti. Hajui ni mwezi gani. Hajui amekula nini asubuhi. Gari analijua.

Mimi hanijui. Tangu Pasaka. Ananiita "dada" na kunishukuru kwa adabu kubwa, kama mtu aliyepewa lifti. Miaka arobaini na minne ya ndoa — lifti!

Lakini tukishaanza kwenda kando ya mto anaweka kiganja juu ya dashibodi na uso wake unatulia. Hiyo ndiyo saa yangu moja kwa wiki. Naitaka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimelipeleka gari kwa Fernand, mdogo wake Lucien. Gereji yake ni lile ghala la zamani la viazi, nusu yake imechimbwa kilimani, mpaka leo linanuka udongo na magunia. Akalala chini ya gari na tochi. Akatoka na kutu usoni.

Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, amesema. Majira ya baridi ishirini ya chumvi. Sailensa imekuwa biskuti.

Stika ya ukaguzi inaisha mwezi huu, na mwenye leseni ya ukaguzi ni yeye. Nikamwambia aniwekee stika tu, tutajua baadaye. Akakataa katakata. Hata ningekuwa mama yake mzazi, moshi ukiingia ndani ya gari unaua, na yeye hana nia ya kumzika shemeji na kaka siku moja. Atafunga mpya.

Nikamwambia sitaki mpya. Nataka ileile, yenye sauti ileile.

Alinitazama. Halafu akaelewa, akaanza kufuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa imeshakauka.

Jumatano, 9 Oktoba

Shida ni hii: sailensa yenyewe haikuwa ya Blazer. Lucien aliikata kwenye lori bovu la viazi, kule shambani alikokuwa fundi miaka thelathini na moja. Ilikuwa mwaka 1999, Alhamisi. Binti yetu Monique alikuwa anaolewa Jumamosi, na sailensa ya asili ikaoza wiki hiyohiyo. Mvua inanyesha, mimi nimesimama mlangoni na gauni la bibi harusi mikononi napiga kelele kwamba atachafua zulia. Akachomelea bomba la lori kwenye bomba la Blazer, akalala chini palepale uani, mguu mmoja tu unaonekana.

Jumamosi tukaenda kanisani kwa mngurumo huo. Monique kiti cha nyuma, shela imejaa gari zima, anacheka mpaka wanja unamtoka. Nilikasirika siku nzima. Leo ningetoa nini kukasirika hivyo tena!

Basi katalogi ya Fernand haina kitu kama hicho. Kuna ya bei rahisi, ya kimya kabisa. Kuna ya vijana, yenye kelele za kutafuta ugomvi. Na kuna moja ya katikati, ya chuma kisichoshika kutu, ina dhamana maadamu wewe bado ndiye mwenye gari. Fernand anasema hiyo itatuzika sote.

Tukasikiliza milio kwenye simu yake. Vijana wa huko Texas wanakanyaga mafuta na kushangilia moshi. Watu wazima wawili, mimi nina miaka sitini na sita, tunainamia simu na kutega masikio. Ya katikati ndiyo inayokaribia. Kidogo. Kwenye simu, nani anajua?

Ijumaa, 11 Oktoba

Tumezunguka kwenye uwanja wa magari mabovu tukitafuta lori la aina ile. Tumepata mawili. Yote chini yameliwa na kutu. Huku kwetu hakuna chuma kinachozeeka salama.

Nimesimama karibu na lori la pili muda mrefu kuliko lazima. Ni lori kama lile alilokuwa akiendesha nilipomwona mara ya kwanza. Likizo ya mavuno, shule zimefungwa ili watoto wakavune, sisi dada wanne migongo imepinda, tunaokota viazi kwenye vikapu na kujaza mapipa. Yeye anapita na lori kuyapakia. Mapipa yangu aliyachukua mwisho kila siku ili akae kwenye mstari wangu zaidi. Dada zangu walijua kabla yangu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na nilikuwa na furaha ya kijinga.

Fernand aliniita mara mbili. Nikamwambia naangalia bomba.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda na pikapu ya Fernand. Sikupaswa.

Lucien hakuinuka. Nikaingia, nikamsalimu, nikamwambia twende tukazunguke kando ya mto. Akaniambia kwa upole sana, "Asante, dada, lakini nasubiri gari langu."

Nikamwambia leo gari ni lile pale nje. Akatazama dirishani, akanitazama mimi, akavuta kiti chake nyuma kidogo. Aliniogopa. Lucien, aniogope mimi!

Darlene ameniambia alikaa hivyo mpaka chakula cha usiku, koti mapajani.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimechagua. Ya katikati. Imefika kwenye boksi refu, inang'aa, nzuri kuliko gari lenyewe.

Kazi yangu ni kupuliza dawa ya kutu kwenye nati, asubuhi na jioni, amri ya Fernand. Bila hivyo zitakatika. Nikachukua godoro la zamani la Monique nikalala chini ya Blazer pale gerejini. Mara ya kwanza maishani mwangu kulala huko. Kumbe kuna utulivu! Ndiyo maana Lucien hakuwa akitoka hata akiitwa kula.

Jumatano, 16 Oktoba

Dawa asubuhi. Dawa jioni. Nanuka kama Lucien.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya kazi. Nilifika saa moja na ploye, chapati laini za kwetu, kwenye sahani, nimezikaanga upande mmoja kama inavyopasa, siagi na sukari ya mti wa mepo, zimekunjwa. Fernand akala sita kabla ya kugusa spana.

Nati mbili zilifunguka kwa utiifu. Ya tatu ikakatika. Akaipasha moto kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, akatukana kwa Kifaransa cha marehemu mama yake, ikatoka.

Halafu akaniita niangalie. Ule mshono wa Lucien, pale bomba la lori lilipokutana na la Blazer. Mnene, umevimba huku na kule. Haukuoza! Kila kitu kimeoza kuuzunguka, mshono upo.

Fernand alitaka kukata mbele yake, ndipo sailensa mpya ingekaa sawasawa mahali pake. Nikasema hapana. Kata nyuma yake. Mshono ubaki.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mteja mkaidi: nikikata nyuma, sailensa itasogea vidole vinne kuelekea ekseli. Nafasi ni ndogo. Na pembeni kuna fremu, chuma kinachobeba gari.

"Shemeji Rolande, hilo ni bomba tu. Kaka yangu hayumo humo."

"Kata nyuma," nikamwambia.

Akakata nyuma. Hakunitazama tena mpaka saa sita. Aliminya sailensa mahali pake, akasogeza mpira unaoining'iniza, akakaza klampu mbili za kubana bomba, akapitisha kidole kati ya bomba na fremu. Kidole kikapita. Kwa shida, lakini kikapita.

Akawasha. Gari lilikuwa baridi, na halikugonga popote.

Na sauti? Sijui. Ni sauti nzuri. Imestaarabika. Nilifumba macho nikijaribu kuwa Lucien, nikashindwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Stika mpya kiooni. Fernand aliibandika mwenyewe, akailainisha kwa kidole gumba, akasema kama Lucien hatainuka kesho nisichukulie kama kosa langu. Nikamwambia anyamaze. Halafu nikamwomba radhi kwa simu.

Sijala vizuri. Nimekwenda mpaka darajani na kurudi, madirisha wazi, nasikiliza. Mara inafanana. Mara haifanani hata kidogo.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika hapahapa uani pa nyumba ya wazee, daftari juu ya usukani. Niandike haraka kabla sijachanganya mambo.

Nilivuka daraja polepole. Nikapiga gia ya chini ili ingurume kidogo. Nikaingia uani. Baraza tupu.

Nikaiacha inanguruma nikakaa tu. Dakika tano. Kumi. Darlene akatokea mlangoni akanitikisia kichwa. Lucien hajainuka. Ameketi dirishani, amesikia, ametazama, amegeukia televisheni. Basi. Sailensa ya kutuzika sote, na mume wangu hana tena gari duniani. Nililia. Sikujificha, madirisha yote yananitazama, na walie nao wakitaka.

Halafu ikaanza kugonga. Tok. Tok-tok. Chini ya kiti changu, upande wa kulia. Safari ndefu, kisha inanguruma imesimama — bomba limepata moto, limerefuka, limefika kwenye fremu. Kile kidole cha Fernand kilipita kwenye chuma baridi! Na ni kwa sababu yangu na mshono wangu. Tok-tok-tok. Nikasema vizuri sana, gonga, vunjika kabisa.

Nikanyoosha mkono kuzima, mlango wa baraza ukafunguka kwa nguvu.

Ni Lucien. Bila koti, na malapa ya ndani. Darlene nyuma yake anamkimbilia. Hakuja kwa furaha — alikuja amekasirika, kwa ile hatua ambayo sijaiona miaka mitatu. Akapiga boneti kwa kiganja.

"Zima! Husikii linavyogonga? Nani amekufungia kitu hiki?"

Nikazima. Nikasema ni Fernand. Akasema Fernand huwa anapima vyuma baridi, tangu utoto wake hana subira. Akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akalala chali, akaingia chini. Darlene akataka kumzuia, nikamshika mkono.

Sauti yake ikatoka huko chini. Kwamba klampu ya nyuma ilegezwe, sailensa izungushwe kidogo kuelekea ndani, mpira uhamishiwe tundu la pili. Kwamba aliyechomelea ule mshono wa mbele alikuwa na haraka, kazi mbaya, lakini itadumu. Kwamba nisiguse kitu, bomba ni la moto, tusubiri lipoe. Aliuliza kama kuna spana ya nusu inchi. Nikamletea kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe. Aliipokea bila kuitazama, akaisoma kwa kidole, akanirudishia.

"Hii ni kubwa. Nusu, dada."

Nikamletea ya pili. Hiyo ilikuwa sawa.

Sasa tunasubiri bomba lipoe. Darlene amemletea koti, amelikunja akaliweka chini ya kichwa. Naona miguu yake miwili na lapa moja. La pili limepotelea kwenye majani. Anapiga mluzi. Nimekaa na mlango wazi, naandika, sitaki lipoe.

Ameniita sasa hivi. Ameuliza kama nina simu. Nikasema ninayo.

"Nifanyie hisani, dada. Mpigie mke wangu, anaitwa Rolande. Mwambie nimepata kazi ya watu hapa, nitachelewa. Asinisubiri kula, atakasirika, lakini mwambie nakuja."

Nimetoa simu. Nimeiweka sikioni, kalamu mkono wa pili. Amejivuta kutoka chini ya gari, amekaa kwenye majani, kutu kwenye nyusi, ananitazama. Anangoja.

"Anasemaje?"