Wanasema Mwanangu Ameharibu Hadithi ya Mababu

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi marahaba. Nisaidie mama mwenzio wa hapa Bariadi. Mimi niliishia la saba lakini nimemzaa Generoza, anayetengeneza filamu kutokana na hadithi zetu za kale, na picha yake huhitaji kuambiwa ni yake, kamera anaiweka chini, usawa wa macho ya mwanamke aliyechuchumaa jikoni, wanaume unawaona magoti kwanza, nani mwingine anafanya hivyo? Sasa ametoa ile ya msichana aliyepelekwa na baba yake azame bwawani ili mvua inyeshe. Wote tunajua anazama. Kwa Generoza hazami, anatoka akichuruzika maji, anaswaga ng'ombe wa baba yake anahama nao, na mvua inamfuata yeye. Ndugu waliiona nyumbani kwetu, shemeji yangu Jilala akasimama, "Ameharibu hadithi ya mababu huyu! Shemeji, mwambie akate huo mwisho kabla hawajaionyesha Mwanhuzi Jumamosi, la sivyo jina la ukoo alifute." Generoza akanigeukia, "Mayu, mama yangu, si ndivyo ulivyonihadithia?" Nikainama, nikajifanya nachochea kuni. Mshauri, mwisho ule ni wangu. Generoza alikuwa na miaka sita, tunachambua pamba, namhadithia, nilipofika bwawani mdomo ukakataa kumzamisha, alivyokuwa ananitazama! Nikamtoa. Nikawa namtoa miaka yote. Leo mwanangu anaitwa mwongo na mimi kimya, maana nikisema, ukweni nitaonekanaje? Au akate tu?

Mama Generoza

JIBU

Marahaba, mama, umri wangu niachie. Pole, lakini pole yangu ni fupi. Umemsifu mwanao mpaka magoti ya wanaume, halafu ukamkana mbele ya jiko! Ulithubutu kumtoa msichana wa watu bwawani, leo unamzamisha wa kwako?

Asikate hata kidogo. Huyo Jilala muulize, aliyeisimulia wa kwanza aliigonga mhuri? Kila bibi alitia chumvi yake, yako imekolea, basi.

Leo hii mwite Generoza, umwombe radhi. Kesho nenda kwa Jilala mwenyewe, umwambie kabla hajasikia kwa jirani. Atafoka, mwache afoke. Jumamosi panda gari la Mwanhuzi, kaa mbele, na kabla picha haijaanza simama useme: "Mwisho huu niliutunga mimi, nikichambua pamba."

Na wakishikilia jina lao lifutwe, lifutwe, aandike lako. Lako la kuzaliwa, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na bado silijui.