Wawili kwa Mia

Alhamisi, 21 Januari 2021

Kigali imefungwa tena kwa sababu ya korona. Baba amebaki kulala kiwandani Masoro, hapa Kagarama tuko wawili tu: mimi na Bibi. Kesho kutwa mdahalo wa Kiswahili wa vyuo, kwa Zoom. Tumepangiwa upande wa uhuru—watu wafunguliwe! Nimefurahi. Nimechoka kukaa ndani kama kuku anayeatamia. Bibi naye analilia misa yake ya asubuhi. "Waambie wafungue kanisa, mke mwenzangu. Mungu atadhani nimehama." (Tangu nizaliwe nimeolewa na marehemu Babu. Ndio utani wetu, ametoka nao Karagwe.)

Jumamosi, 23 Januari

TUMESHINDA! Dada wa upande wa pili alileta huruma, mimi nikaleta takwimu. Nikasema wanaokufa hawafiki hata wawili kwa mia, na hao wenyewe wengi ni wazee waliokula chumvi nyingi. Mji mzima ufungwe, vijana wakose kazi, kwa ajili ya abiria ambao basi lao limeshafika stendi? Majaji walicheka. Mutsinzi, nahodha wetu, kapiga simu: "Sha, rafiki yangu, umewamaliza kabisa!"

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, ndipo intaneti inaposhika. Bibi alikuwa sebuleni anachambua maharage. Sikumfikiria.

Jumapili, 24 Januari

Asubuhi, kwenye chai, Bibi kaniuliza: katika hao wawili kwa mia, yeye ni wa ngapi? Nikadhani utani. Nikamjibu, "Wa kwanza, mke mwenza, uniachie mume!"

Hakucheka. Kamaliza chai, kasuuza kikombe chake mwenyewe. Halafu taratibu kabisa: "Kwa hiyo mimi nikishaondoka, Umulisa, nyinyi mtafunguliwa?"

Umulisa! Jina langu hajawahi kuniita, hata akiwa na hasira. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaanza kujieleza—tulipangiwa upande ule, si maoni yangu. Akasema nilizungumza vizuri sana. Lakini hapo nilimdanganya. Niliamini kila neno, na nilifurahi walipocheka.

Jumanne, 26 Januari

Anakula chumbani sasa. Sahani yake, kijiko chake. Nimeomba msamaha nikiwa nimesimama mlangoni, anasema hana neno na mimi. Mutsinzi katuma video ya mdahalo kwenye grupu, watu wamejaza vicheko. Nilimwomba aifute. Anasema takwimu ni takwimu, wala sikumtaja bibi yangu.

Kweli, sikumtaja. Lakini mzee ninayemjua ni mmoja tu. Nilikuwa namsema nani?

Bado naona kufungwa huku kuna dhuluma. Jirani yetu Uwizeye anaishi kwa kibarua cha siku, na sasa kibarua hakuna. Hilo ningeweza kulisema bila kumzika mtu. Ila lisingechekesha. Najichukia.

Alhamisi, 28 Januari

Bibi anakohoa. Kumbe tangu juzi—alikuwa anajiziba kwa mto nisisikie! Mwili wa moto. Pumzi fupi. Nikasema napiga simu waje wamchukue. Akakataa: kitanda wapewe wenye miaka ya kuishi. Nilipiga hivyo hivyo.

Mama wa namba ya bure ya korona alikuwa mpole. Akauliza tunakaa wapi. Anapumuaje. Ana kisukari? Pressure? Nilijibu yote vizuri.

Ana miaka mingapi?

Niliogopa. Nikawaza: na huyu akihesabu kama nilivyohesabu mimi? Magari ni machache, vitanda ni vichache, na mahali fulani yupo kijana naye anakohoa. Mtu mwenye akili angemchagua nani? Mimi nilishapigiwa makofi kwa jibu.

Nikasema hamsini na tano.

Ana sabini na tisa. Kitambulisho chake watakiona, uso wake watauona! Na kama dawa zinapimwa kwa umri? Nipige tena nirekebishe? Nimeishika simu, nimeiweka, nimeishika. Gari linakuja, wamesema.

Ukuta wetu ni mwembamba. Amesikia. Ameniita kwa sauti ndogo, anauliza kwa nini nimempunguza miaka.

Niko hapa mlangoni kwake, naandika ili nisiingie.