Pombe ya Ngano ya Bwana wa Mashine

Shamba la Mkonge,
Voi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu, na wote wa hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ila mikono. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeshafika huko Kimilili? Hapa hakuna. Mlima wa Sagalla tunauona una mawingu kila asubuhi, lakini mawingu hayashuki kwetu.

Katika barua iliyopita nilikuambia nimetolewa kwenye kukata mkonge, nikawekwa kwa Bwana wa mashine, yule Mzungu asiye Mwingereza anayetengeneza mitambo ya kiwanda. Nilifurahi, maana utomvu wa mkonge ulikuwa umenila ngozi mpaka viwiko, nami nilikuahidi kwamba sasa mikono itapona. Mambo yamebadilika. Nataka uyasikie kutoka kwangu, kabla watu wanaorudi likizo hawajakueleza vingine.

Bwana huyu hupika pombe ya ngano nyumbani kwake, kama ya kwao. Kazi yangu ilikuwa kuloweka ngano, kuiotesha juu ya gunia, kuianika na kuisaga, kama wewe unavyofanya wimbi. Yeye huitia katika maji ya moto, huchuja, kisha huchemsha pamoja na kimea cha kopo, kizito kama asali. Siku zote kimea hicho kilikuwa cha rangi ya dhahabu. Safari hii duka la Mhindi mjini lilikuwa na cheusi tu, cheusi kama lami.

Nikamwambia, "Bwana, kwetu kimea kikiwa hivi kimeungua. Mama angekitupa."

Akacheka. "Hii haikuungua. Imekaangwa kusudi. Lakini tutatia kidogo na kuongeza ngano, isije ikameza ladha yote."

Tukaimimina katika pipa, tukalifunika kwa magunia yenye maji, maana joto la hapa huharibu pombe upesi. Ikatoka ya rangi ya kahawia, kama mto wetu wakati wa mafuriko, na povu zito juu.

Jumapili Bwana Meneja, mkubwa wa shamba zima, akaja kuionja. Akaiinua glasi kwenye mwanga, akaiweka chini. "Hii ni nini? Dawa ya kikohozi?"

Mama, unajua wewe hufanya nini mgeni akitazama chungu kwa mashaka. Sikufikiri. Nilichukua ile glasi, nikanywa funda moja mbele yao, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Uso wa Meneja ukawa mwekundu. Akauliza tangu lini boi anakunywa kwenye glasi yake. Nilijaribu kueleza kwamba kwetu mpishi wa pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Neno sumu likaharibu zaidi. Jumatatu nilikuwa kwenye mistari ya mkonge tena, kisu mkononi.

Mwadime, Mtaita ninayekata naye mstari mmoja, alinipokea. "Karibu nyumbani, Bwana Bia. Huku tunakunywa utomvu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Baadaye alinipa kitambaa chake nifunge mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini ilikuwa tamu?"

"Tamu. Kama ganda la mkate uliokaribia kuungua."

"Basi umeshalipwa, ndugu yangu."

Jana, saa ya kupumzika, Bwana wa mashine alikuja kwa miguu mpaka mistarini na chupa iliyofungwa kwa gazeti. Alisema amemwomba Meneja anirudishe, Meneja amekataa, na kwamba hataomba tena. Kisha akaifungua chupa, akanywa funda moja yeye mwenyewe, watu wote wakimtazama, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikunywa nusu. Nusu nilimpa Mwadime.

Kwa hiyo, Mama, mikono bado inauma, na itauma mpaka mkataba uishe. Nisalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya mto, na shemeji yangu anayekusomea barua hii. Ukiwapikia watu wa mavuno, onja kwanza kama kawaida yako. Funda la pili liwe langu.

Mimi mwanao,
Wafula