Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haikusumbui, na miwani yako iko usoni, si juu ya kichwa huku ukiitafuta nyumba nzima. Mimi huku ni mzima wa afya. Nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, nafunga dirisha kila mvua inaponyesha. Nisalimie Shangazi na magoti yake yote mawili, maana akisalimiwa peke yake bila magoti huona amepunjwa.

Je, cherehani ya kudarizi nayo haijambo? Najua hupendi kuulizwa habari zake. Tangu mwaka jana umeifunika kwa lile shuka la bluu, ukaapa hutagusa tena mashine yenye bodi ndani. Shangazi ananiambia mteja akija sasa na cherehani mbovu ya umeme, unamwelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, fundi ambaye wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha kushika bisibisi. Habari hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini usikunje uso, barua hii ni ya furaha.

Habari yenyewe ni kwamba kitabu kimekwisha. Unakumbuka kile kifaa kidogo tunachotengeneza hapa kazini, nilichokuletea zawadi, kinachoenea ndani ya kiberiti. Upande mmoja unakichomeka kwenye kompyuta, upande wa pili waya zake zinashika bodi ya mashine, na fundi anaweza kuingia ndani ya chipu, akaona imekwama wapi, kisha akaifuta na kuiwekea programu upya. Kuiflashi, kama wasemavyo mafundi wa simu. Kifaa hakina ubaya. Balaa lilikuwa kitabu chake cha maelekezo, kurasa tisini zilizoandikwa na watu wanaojua kwa ajili ya watu wanaojua.

Mkuu wetu wa kazi, mhandisi aliyekibuni kifaa, tunamwita Bwana Inajulikana, ingawa si mbele yake. Ukimuuliza kwa nini kitabu hakisemi waya mweusi uungwe kwanza, atakujibu kwamba hiyo inajulikana. Ukimuuliza mbona hakuna picha inayoonyesha upande wa juu wa bodi, hiyo nayo inajulikana. Siku moja nilimuuliza inajulikana na nani. Akafikiri kidogo, akasema na watu. Ni mtu mwema, Mama, hana kinyongo na yeyote. Tatizo lake ni kwamba hajawahi kuwa mjinga tangu azaliwe.

Miezi kumi nilimsumbua aniruhusu kukiandika upya. Alinijibu kwamba asiyeelewa asome tena polepole. Wenzangu walianza kujiuliza kitabu hicho kimeniroga vipi. Basi mwezi uliopita nikamtega. Nilimwomba aflashi bodi moja kwa kufuata kitabu tu, bila kuongeza chochote kutoka kichwani mwake. Akacheka, akakunja mikono ya shati. Kwa majivuno yake akachagua bodi ya saa yake, akashusha ukutani ile saa ya mapokezi aliyoitengeneza mwenyewe, inayopiga wimbo mzima kila inapogonga saa.

Nikampa rula ya mbao, ile uliyonipa nilipoanza shule, yenye alama za meno yangu kwenye sentimita ya saba. Nikamweleza asome kama tulivyofundishwa kwetu: rula chini ya mstari, fanya unachoambiwa, ukimaliza ndipo uteremshe rula. Hakuna kuchungulia.

Ofisi nzima ilikusanyika. Dada wa mapokezi aliacha simu ilie. Kwenye ukurasa wa thelathini na nane Bwana Inajulikana akakwama, maana kitabu kilimwambia abonyeze kitufe na mbele yake palikuwa na vitufe viwili. Akatukodolea macho, hakuna aliyemsaidia. Akabahatisha, akapatia, akaendelea huku jasho limeanza kumtoka. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa sita, kitabu kikamwamuru afute kumbukumbu yote ya chipu. Akafuta. Akateremsha rula, na mstari wa saba ukamwambia kwamba kabla ya kufuta, ahifadhi nakala ya programu iliyomo.

Akaigeukia saa yake, akasema, "Huu mstari ulitakiwa uje juu."

Nikamwambia, "Inajulikana."

Mama, watu walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akivua miwani na kufuta machozi, kisha akanipa ruhusa palepale. Dada wa mapokezi, ambaye amesikiliza wimbo ule kwa miaka minne, aliomba Mungu usirudi. Kwa bahati yake mbaya, nakala ilikuwepo nyumbani kwa mwenyewe, na kesho yake saa ikaimba tena.

Nimeandika wiki tatu kwa raha ambayo sikuwa nikiijua. Asubuhi naandika, mchana dada wa mapokezi ananisomea. Yeye hajui chipu wala hataki kuijua, na hilo ndilo nililolitaka. Anapokunja kipaji cha uso nakata, anapouliza nachora picha. Wiki ya pili alikuwa akiflashi bodi huku simu iko begani, anamwelekeza mgeni mlango wa kuingilia. Sasa kila onyo limekaa juu ya tendo lake, na kila waya umetajwa kwa rangi. Neno gumu linaelezwa pale pale linapoingia, si kurasa thelathini mbele.

Sasa Mama, kama una kikombe mkononi, kiweke chini.

Siku ile uliponitumia picha ya ukurasa, rula yako ikiwa imelala chini ya mstari wa sita, nilielewa kila kitu kabla sijasoma ujumbe wako. Mstari wa saba ulikuwa umefunikwa na rula. Ulifanya ulichoambiwa, kwa mpangilio ulioambiwa, na programu ya cherehani yako ikapotea yote. Kisha ukanipigia simu. Nakumbuka kila neno. Ulisema, "Nisamehe mwanangu, nimeiaibisha kazi ya wenzako. Macho yamezeeka, na kichwa nacho." Nami nikakujibu usijali Mama, nikakata simu haraka.

Ukurasa wa arobaini na moja niliuandika mimi. Si wenzangu, si Bwana Inajulikana. Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini, nina njaa na nataka kutoka. Nilipokwisha kuandika habari ya kufuta ndipo nilipokumbuka nakala, na badala ya kuupandisha mstari juu, nikaubandika chini, nikijiambia msomaji atauona. Hukukosea uliponipa jina Kiherehere. Wanasema majuto ni mjukuu, na wewe unanidai mjukuu kila tukizungumza. Basi pokea huyu kwanza.

Hukuzeeka, Mama. Ulisoma sawasawa, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nimekuacha miezi kumi na moja ukijidharau kwa sababu niliona aibu kusema, na kimya hicho kinaniuma kuliko hata ukurasa wenyewe. Nisamehe.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kitabu kipya na memori kadi. Nimemtafuta mwenye cherehani kama yako mpaka nimempata, fundi mmoja mkali asiyependa maswali. Nilimpa kitabu na kifaa, akatoa nakala ya programu yake mwenyewe bila kuniuliza neno. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye kadi. Cherehani yako itaamka.

Nilipomweleza Bwana Inajulikana ukweli huu wote, hakunikaripia. Aliuliza tu kama bado unasoma kwa rula. Nikasema ndiyo. Akasema basi kitabu hakiendi kuchapwa mpaka wewe ukisome toka mwanzo hadi mwisho, uflashi cherehani yako, na utie sahihi chini ya ukurasa wa mwisho. Nafasi nimekuachia. Penseli nyekundu imo. Usinihurumie.

Dada wa mapokezi anakusalimu sana, anasema anakusubiri wewe umwambie kama alikunja kipaji mahali panapostahili. Fundi wa mtaa wa pili mwambie ajiandae, wateja wako wanarudi nyumbani.

Basi, Mama, toa lile shuka la bluu, chomeka umeme, fungua ukurasa wa kwanza. Ila kabla ya kuchomeka umeme, hakikisha umepangusa vumbi lote.

Umeona? Nimerudia tena. Anza kusahihisha hapo.

Mimi mwanao akupendaye,
Kiherehere