Namba ya Babu Castory

Munira upo? Nimejifungia jikoni huku kwenye kambi ya watalii. Sijui nicheke au nilie.

Si nilikwambia wageni wanakuja Korogwe kuonja maisha ya manamba? Wanalala kwenye mabanda ya wakata mkonge wa zamani, wanavaa namba shingoni, wanakula maharage yasiyoungwa. Mpishi ni mimi.

Leo nikamleta babu Castory. KOSA LANGU. Nilidhani atafurahi kuona watu wanajali aliyopitia alipokuwa manamba. Nikamkalisha kivulini na soda yake.

Richard, yule anayewaongoza, akajifanya nyapara. Akagonga chuma cha reli, akaanza kuita namba. Wageni wanaitika huku wanacheka. Akaita mia nne kumi na mbili.

Munira, babu akasimama.

Akasogea juani, akavua kofia. "Nipo, bwana." Babu huyu huyu ambaye hata msalani tunamshika mkono! Ilikuwa namba yake kweli. Richard aliitoa kwenye kipande cha kazi cha babu, ile kadi yake ya zamani ya mkonge, na kipande hicho nilimwazima mimi.

Wakapiga makofi. Richard akaja mbio: "Shikamoo babu, naomba urudie kidogo, huyu dada simu yake haikurekodi."

Nikasema hapana babu, kaa. Wala hakunitazama. Anamtazama Richard tu.

Chuma kikagongwa tena. Akasimama tena.

Nimechoka, Munira. Wageni wameshaenda kula, yeye bado yuko juani na kofia mkononi. Nimetoka kumwambia babu kaa, anasema bado hajaruhusiwa.